Ndege juu ya mkanda unaorudi nyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa Moshi na Arusha. Mengi yalitoka kwenye benchi la kahawa karibu na stendi ya mabasi ya Moshi, mengine kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne niliowafundisha fizikia, na machache kwa jamaa wanaopenda kusimama kando ya uzio wa uwanja wa Kisongo, Arusha, kutazama ndege za watalii zikiondoka kwenda Serengeti. Mwenye haraka asome swali la 2 na la 3. Aliyekwisha kubishana mpaka kahawa ikapoa aende moja kwa moja kwenye swali la 11, kwa sababu huenda yeye na mwenzake wamekuwa wakijibu maswali mawili tofauti.

## Misingi

1. Swali lenyewe linasemaje?

Ndege imesimama juu ya mkanda mkubwa, mrefu na mpana kama barabara ya kurukia, ambao unafanya kazi kama ile mashine ya kukimbilia iliyoko kwenye vyumba vya mazoezi, au kama mkanda unaoleta mizigo ya abiria pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA. Kadiri ndege inavyoongeza mwendo kwenda mbele, mkanda nao unakwenda nyuma kwa kasi ileile. Je, ndege itaruka?

Mtego umo katika maneno "kasi ileile". Kasi ya nini? Wengine humaanisha kasi ya ndege nzima, kama anavyoiona mtu aliyesimama pembeni kwenye majani. Wengine humaanisha kasi ambayo magurudumu yanazunguka. Majibu yote hapa chini, hadi swali la 10, yanachukua maana ya kwanza, ambayo ndiyo iliyo ya kawaida na ndiyo inayoweza kujengwa. Maana ya pili ina sehemu yake.

2. Jibu kwa kifupi ni lipi?

Itaruka. Itakimbia mbele juu ya mkanda karibu kama inavyokimbia kwenye lami, magurudumu yake yatazunguka mara mbili ya kawaida, na itanyanyuka karibu mahali palepale ambapo ingenyanyukia bila mkanda.

3. Gari likiwekwa juu ya mkanda wa namna hiyo haliendi popote. Kwa nini ndege iende?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza kwa kawaida ni dereva. Mzee mmoja aliyeendesha malori ya masafa marefu kwa miaka mingi aliniambia, huku akigonga kikombe kwenye benchi, "Mwalimu, gurudumu likizunguka palepale, chombo hakiendi. Hilo halihitaji kitabu." Nikamjibu, "Ni kweli kabisa, mzee wangu, kwa lori." Injini ya lori inazungusha magurudumu, magurudumu yanaisukuma barabara nyuma, na barabara inalisukuma lori mbele. Barabara ikigeuka kuwa mkanda unaokimbia nyuma kwa kasi ileile ambayo magurudumu yanazunguka, kila mita ambayo gurudumu linaichuma inapotea chini yake. Bodaboda ni hivyohivyo, na mtu anayekimbia kwenye mashine ya mazoezi ni hivyohivyo.

Injini ya ndege haigusi magurudumu. Hakuna gia, hakuna mnyororo, hakuna shafti inayotoka kwenye injini kwenda chini. Pangaboi linachota hewa iliyo mbele yake na kuitupa nyuma, injini ya jeti nayo inafanya vivyo hivyo kwa namna yake, na hewa ndiyo inayoisukuma ndege mbele. Hewa haiko juu ya mkanda. Mkanda unaweza kukimbia unavyotaka, hewa imetulia pale ilipo, na pangaboi linaendelea kuishika.

Fikiria mkokoteni uliowekwa juu ya mkanda, na msukuma mkokoteni akawa amesimama pembeni kwenye ardhi imara, ameshika mpini. Washa mkanda urudi nyuma. Magurudumu ya mkokoteni yataanza kuzunguka, yatapiga kelele, lakini msukumaji akiamua kutembea mbele atatembea, na mkokoteni utamfuata. Mikono yake itahisi uzito kidogo tu wa ziada. Katika ndege, ardhi imara ya yule msukumaji ni hewa.

Kila ninapoulizwa swali jipya la aina hii, mimi hurudi kwenye jambo moja: injini inasukuma nini? Ukishalijibu hilo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

4. Magurudumu ya ndege yana kazi gani basi?

Yanabeba uzito na kupunguza msuguano mpaka mabawa yatakapoupokea uzito huo. Yamekaa kwenye beringi na yanazunguka kwa uhuru upande wowote. Wakati wa kutua yanapata kazi nyingine, ya kushika breki, na tutaiona kwenye swali la 13 na la 17.

5. Ndege inahitaji upepo kwenye mabawa. Ikiwa imesimama palepale, upepo huo utatoka wapi?

Sentensi ya kwanza ni sahihi kabisa na haina mjadala. Bawa hunyanyua kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa kasi ya kutosha, na ndege isiyosogea katika hewa tulivu haitaruka hata injini ingenguruma mpaka mafuta yakaisha. Baadhi ya watu hudhani upepo wa pangaboi unatosha kuyanyanyua mabawa. Hautoshi, kwa sababu unapita sehemu ndogo tu ya bawa iliyo karibu na mwili wa ndege.

Kosa limo katika sentensi ya pili, katika neno "ikiwa". Anayesema hivyo amekwisha kukubali kwamba mkanda unaifanya ndege isimame, na hilo ndilo lililokuwa likiulizwa. Mkanda hauisimamishi. Tazama swali la 3 kwa sababu, na swali la 6 kwa hesabu.

## Hesabu kidogo

6. Lakini beringi zina msuguano. Mkanda hauivuti ndege nyuma hata kidogo?

Unaivuta, kidogo. Ni vizuri kuweka tarakimu, kwa kuwa "kidogo" ni neno ambalo kila mtu hulipima kwa kibaba chake.

Tuchukue Cessna Grand Caravan, ndege ya injini moja inayoonekana Kisongo kila siku ikipakia watalii na mabegi yao laini. Uzito wake wa juu kabisa wa kurukia ni takriban kilo 3,970. Gurudumu la mpira juu ya lami nzuri lina ukinzani wa kubiringika wa karibu asilimia 2 ya uzito linaoubeba, kwa hiyo ndege nzima inazuiwa kwa nguvu ya nyutoni 780 hivi. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kitu cha kilo 80, yaani mtu mmoja mzima, kwenye kamba iliyofungwa nyuma ya ndege.

Upande wa pili wa mizani kuna injini ya kilowati 503. Tuseme pangaboi linageuza asilimia 60 tu ya uwezo huo kuwa msukumo pale ndege inapokwenda mita 30 kwa sekunde: gawanya, na utapata nyutoni 10,000 hivi. Kumi elfu dhidi ya mia saba na themanini. Na zile 780 zilikuwapo tangu mwanzo, hata bila mkanda, kwa sababu lami ya kawaida nayo inazuia. Ukinzani wa kubiringika hautegemei sana kasi. Gurudumu likizunguka mara mbili, ukinzani hauwi mara mbili. Kwa hiyo alichoongeza mkanda ni sehemu tu ya kile ambacho tayari kilikuwa kidogo.

Kwa ndege kubwa uwiano ni wa namna hiyohiyo. Boeing 787-8 iliyojaa ina takriban tani 228. Asilimia 2 yake ni nyutoni 45,000 hivi, na injini zake mbili kwa pamoja zinasukuma kwa zaidi ya nyutoni 500,000.

7. Kama inavutwa nyuma kidogo, je, itahitaji barabara ndefu zaidi?

Ndiyo, lakini si kwa kiasi cha kumshtua rubani. Hata nikimpa mpinzani wangu zawadi na kukubali kwamba ukinzani wote unakuwa mara mbili, Caravan ya swali la 6 ingebaki na nyutoni 8,400 badala ya 9,200, na ingehitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya urefu wa ziada. Zawadi hiyo ni kubwa kuliko hali halisi, kwa sababu kadiri mabawa yanavyoanza kunyanyua, uzito ulio juu ya magurudumu unapungua, na ukinzani unapungua pamoja nao.

8. Kwa hiyo tunaweza kujenga viwanja vifupi vya mkanda katikati ya mji?

Hapana, na anayeuliza hivi ameelewa jibu kinyume. Mkanda hauiruhusu ndege kuruka ikiwa imesimama. Ndege itakimbia mbele mita zilezile ambazo ingezikimbia kwenye lami, kwa hiyo mkanda utapaswa kuwa mrefu kama barabara yenyewe. Ya KIA ina takriban mita 3,600.

9. Magurudumu yatazunguka kwa kasi gani, na je, yatavumilia?

Ndege ikiwa na kasi ya kilomita 130 kwa saa, ambayo ni karibu na kasi ya Caravan inapoacha ardhi, na mkanda ukiwa unakwenda kilomita 130 kwa saa upande wa pili, tairi itakuwa inabiringika kwa kilomita 260 kwa saa.

Hapa ndipo penye pingamizi la kweli, na nashangaa kwamba wanaopinga hawalitumii. Matairi ya ndege huidhinishwa kwa mwendo fulani wa juu. Ya ndege kubwa za abiria, kwa kawaida, hayaruhusiwi kuzidi kilomita 360 hadi 380 kwa saa. Ndege kubwa iliyojaa inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita 270 kwa saa ili inyanyuke. Zidisha mara mbili na umevuka kikomo kwa mbali. Tairi inayozungushwa kupita uwezo wake hupata moto, na mwisho wake hupasuka vipande. Fundi wa ndege angekataa jaribio hilo papo hapo. Hata hivyo atakuwa amelikataa kwa sababu ya mpira na joto. Kanuni iliyoelezwa kwenye swali la 3 inabaki palepale.

10. Je, kuna tofauti kama jaribio likifanyika Kisongo, KIA au pwani?

Kwa upande wa mkanda, hakuna. Kwa upande wa ndege, ipo, na ni kubwa kuliko ile inayoletwa na mkanda, jambo ambalo linanichekesha kila nikilifikiria. Kisongo iko takriban mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na kwa kipimo cha angahewa ya kawaida hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi. KIA iko chini zaidi, mita 890 hivi, na pungufu yake ni kama asilimia 8. Bawa lilelile, likibeba mzigo uleule, linahitaji kwenda kasi zaidi ili linyanyue katika hewa nyepesi: kwa Kisongo ni karibu asilimia 7 zaidi. Kwa kuwa umbali wa kukimbia hukua kwa mraba wa kasi, hata msukumo ukibaki vilevile barabara inayohitajika inakuwa ndefu kwa asilimia 15 hivi. Mchana wa jua kali wa mwezi Februari huongeza juu ya hapo. Mtu anayetaka kuizuia ndege isiruke angefanya vizuri kuipeleka mlimani kuliko kuiwekea mkanda.

## Mkanda usiokubali kushindwa

11. Na kama mkanda unalingana na kasi ya magurudumu, badala ya kasi ya ndege?

Hapa ndipo marafiki wanaporudi nyumbani wamenuniana. Tuitazame kanuni hiyo polepole.

Gurudumu lisiloteleza linabiringika kwa kasi ambayo ni jumla ya kasi ya ndege kwenda mbele na kasi ya mkanda kurudi nyuma. Ndege ikienda 10 na mkanda ukarudi 10, gurudumu linabiringika 20. Sasa mwenye swali anaamuru: mkanda ulingane na gurudumu. Mkanda unapanda hadi 20. Lakini gurudumu sasa limefika 30. Mkanda unapanda hadi 30. Gurudumu liko 40. Ni mbwa anayefukuza mkia wake. Namna pekee ya kulitimiza agizo hilo ni kasi ya ndege kuwa sifuri.

Kwa hiyo anayeuliza hivyo ameweka jibu ndani ya swali. Anasema, "Ikiwa ndege haisogei, je, itasogea?" Ni haki yake kuuliza, lakini hajatuambia ni nguvu gani inayoizuia. Kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi haimshiki mtu mguu.

12. Je, kuna namna yoyote ambayo mkanda unaweza kweli kuizuia ndege?

Ipo, na ni nzuri sana kihesabu. Gurudumu lina uzito, na kitu chenye uzito hukataa kuzungushwa kwa kasi inayoongezeka. Mkanda ukiongeza kasi bila kusita, tairi inalazimika kuongeza mzunguko bila kusita, na ukaidi wake unapitishwa kwenye ekseli kama nguvu ya kuirudisha ndege nyuma. Angalia vizuri: kinachovuta ni kule kuongezeka kwa kasi. Mkanda unaokwenda kwa kasi kubwa isiyobadilika hauna msaada huo.

Tuchukulie kwamba magurudumu matatu ya Caravan yetu yana jumla ya kilo 60 na yana umbo la sahani nzito. Ili kuzuia nyutoni 10,000, mkanda utalazimika kuongeza kasi yake kwa takriban mita 333 kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde moja tu unakaribia kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde. Baada ya sekunde mbili umeipita karibu mara mbili. Hakuna mota, hakuna mpira, hakuna beringi itakayoishi kufikia sekunde ya tatu. Beringi zikishikana au matairi yakipasuka, ndege itazuiwa kweli, lakini hapo tumeshinda kwa kuivunja.

Kuna kitanzi kingine ambacho wachache hukikumbuka. Mkanda mpana unaokimbia kwa kasi ya namna hiyo unaiburuza hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo inakwenda nyuma, yaani inapiga mabawa kutoka mbele. Upepo ukifika kwenye kimo cha mabawa kwa nguvu ya kutosha, ndege itanyanyuka ikiwa palepale, na yule aliyejenga mkanda ili kuizuia atakuwa ndiye aliyeirusha.

13. Rubani akifunga breki?

Hapo mkanda unashinda mara moja. Gurudumu lililofungwa haliko huru tena. Mpira mkavu juu ya uso mkavu unaweza kushika kwa zaidi ya nusu ya uzito wa ndege, na kwa Caravan hiyo ni zaidi ya nyutoni 19,000, karibu mara mbili ya msukumo wa pangaboi. Ndege itabebwa nyuma kama begi. Jambo hili ni zito kwa rubani anayeghairi kuruka akiwa amekwisha kushika kasi: breki zitampunguza mwendo, zitamsimamisha, na asipoziachia kwa wakati zitampeleka alikotoka.

14. Kama injini haijawashwa na mkanda ukaanza wenyewe?

Ndege itaanza kurudi nyuma taratibu. Nyutoni 780 juu ya kilo 3,970 zinaleta mchapuko wa mita 0.2 kwa sekunde kila sekunde, kwa hiyo baada ya sekunde 10 itakuwa inarudi nyuma kwa kilomita 7 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi basi. Gesi kidogo tu ya injini inatosha kuituliza.

15. Na mkanda ukienda mbele, upande uleule ndege inakokwenda?

Magurudumu yakiwa huru, msaada ni mdogo kama ulivyokuwa mdogo uzuiaji. Ndege ikifungwa breki au ikishikwa kwenye mkanda, msaada ni mkubwa, kwa kuwa inabebwa mpaka kwenye kasi ya kurukia. Manowari zenye mitambo ya kurushia ndege hutumia wazo hilo.

Meli yenyewe ni barabara inayotembea. Novemba 14, 1910, Mmarekani Eugene Ely aliruka kutoka kwenye jukwaa la mbao lililojengwa juu ya USS Birmingham, meli ambayo haikuwa ikisafiri, na magurudumu ya ndege yake yakagusa maji kabla hajapanda. Mei 1912 Mwingereza Charles Samson aliruka kutoka HMS Hibernia ikiwa inatembea. Meli inayokwenda kuukabili upepo inaipa ndege mwendo wa bure: meli ikienda kilomita 30 kwa saa na upepo ukija kwa kilomita 30, mabawa yana kilomita 60 kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Katika mfano huu hewa inaikuta ndege, na hiyo ndiyo tofauti na mkanda wetu.

16. Ndege ya majini juu ya mto je? Na helikopta?

Helikopta haihusiki, inanyanyuka wima.

Ndege ya majini ni habari nyingine, na hapa nawapa wapinzani haki yao. Maboya yake hayana beringi. Yanalima maji, na ukinzani wa maji hupanda sana kadiri mwendo wa boya ndani ya maji unavyopanda. Mto unaokwenda kinyume na ndege kwa kasi kubwa ungeweza kuizuia isifike kwenye kasi yake ya hewani. Mfano wa mkanda ungekuwa na jibu lenye utata kama ndege ingekuwa na maboya badala ya magurudumu.

17. Kutua juu ya mkanda kunafupisha umbali wa kusimama?

Wengi husema ndiyo, nami nilisema hivyo kwa wiki nzima kabla ya kukaa chini na kalamu. Nguvu ya juu kabisa ya breki inawekwa na mshiko wa tairi, na mshiko huo hauongezeki kwa sababu uso unakimbia. Ndege itasimama, ikipimwa na aliye kwenye majani, katika umbali karibu uleule. Kinachoongezeka ni joto la breki, ambazo zinapaswa kumeza nguvu ya ndege pamoja na ya mkanda.

## Kujaribu

18. Imewahi kujaribiwa kwa ndege halisi?

Ndiyo. Januari 2008 kipindi cha televisheni cha Marekani cha MythBusters kilionyesha jaribio ambamo turubai refu lilitandazwa chini, ndege ndogo sana ikawekwa juu yake, na gari likaliburuza turubai hilo kwenda nyuma huku ndege ikikimbia mbele. Ndege ilisogea, ikapata kasi, ikaruka. Rubani mwenyewe alikuwa ametarajia kubaki pale chini kama tofali. Ninawataja hasa kwa sababu ya rubani: kuirusha ndege kila siku hakumlazimishi mtu kufikiria magurudumu yake yanafanya nini.

19. Ninaweza kujaribu nyumbani?

Unaweza, kwa kitenge. Nilifanya hivi kwenye meza ya chakula na watoto wa jirani wakawa mashahidi. Nilichukua lori la waya lililonunuliwa Mbuyuni, magurudumu yake yamekatwa kwenye kandambili za bluu, nikalipakia pakiti mbili za sukari za kilo moja moja. Nikafunga uzi mbele yake, na mwisho wa uzi nikaufunga kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya ndoano inayotumika kupimia samaki, ambayo niliishikiza kwenye msumari uliogongwa ukingoni mwa meza. Chini ya lori nilitandika kitenge.

Mtoto mmoja akavuta kitenge nyuma polepole. Magurudumu yakaanza kuzunguka, lori likabaki palepale likiwa limeshikwa na uzi, na mshale wa mizani ukasimama karibu na gramu 200. Nikamwambia, "Vuta kwa kasi sasa." Akavuta kwa nguvu zake zote mpaka pindo la kitenge likampiga kifuani. Mshale uliruka pale mwanzoni, ukarudi palepale kwenye 200, ukatulia. Kule kuruka kwa mwanzo ndiyo habari ya swali la 12. Kule kutulia ndiyo habari ya swali la 6.

Kisha nikaufungua uzi kwenye mizani na kuushika kwa vidole viwili. Kitenge kikavutwa nyuma, mimi nikavuta mbele. Lori lilikuja kwangu bila shida.

20. Rubani aliye juu ya mkanda angejuaje kwamba yuko juu ya mkanda?

Akiangalia vipimo vyake, asingejua. Kipima mwendo cha gari kinahesabu mzunguko wa magurudumu au shafti. Kingewekwa kwenye ndege yetu kingesoma mara mbili na kumdanganya. Kipima mwendo cha ndege hakina habari na magurudumu. Kinasoma msukumo wa hewa inayoingia kwenye kijibomba kilichoelekezwa mbele, mara nyingi chini ya bawa au kwenye pua, kile ambacho mafundi hukivisha kifuniko chenye utepe mwekundu ndege inapolala. Sindano ingepanda kama siku zote, 60, 90, 130. Miguuni angehisi mtetemo mkali kuliko kawaida na kusikia magurudumu yakilia, na baada ya kunyanyuka angeyasikia yakiendelea kuzunguka kwa muda mrefu zaidi.